Nimeambiwa DOI ya tasnifu ni laki na nusu. Hii kitu inauzwa kweli?

#1 Ng'wana Sengerema

Wakuu, mwangaluka.

Nilimaliza mastaz mwaka juzi, chuo kimoja hapa Mwanza, sikitaji maana cheti bado nakifuatilia. Tasnifu yangu ni ya dagaa wanaoharibika Ukerewe msimu wa mvua, nikilinganisha wanaoanikwa mchangani na wanaoanikwa kwenye vichanja. Nilikaa kisiwani miezi minne. Nikirudi nyumbani mke wangu ananiwekea maji ya kuoga uani, ndani siingii.

Sasa naomba PhD nje. Fomu yao ina kisanduku kinachotaka DOI, yaani namba ya utambulisho mtandaoni, ya kila kazi niliyoitaja. Tasnifu iliwekwa kwenye ripozitori ya chuo, yaani hifadhi yao ya kazi mtandaoni, na ile linki nilikuwa natembea nayo kwenye CV kama kitambulisho. Juzi naibonyeza, ukurasa haupo. Tovuti ya chuo imebadilishwa. Nikaenda maktaba, wakanituma Tehama. Tehama wakanirudisha maktaba. Natoka hapo, kijana wa steshenari ninapochapishia kazi zangu ananiambia ana mtu wake anatoa DOI, 150,000, siku tatu tu. Akanionyesha na mfano kwenye simu yake.

DOI inauzwa? Na kama haiuzwi, mtu kama mimi naipata wapi? Fomu inafungwa mwisho wa mwezi.

#2 Dagaa Kauzu

Naweka kambi hapa. Kwa laki na nusu mimi nakupa mbili, na moja nakuwekea lamineshen.

#3 Fundi Seva

Mleta mada usitoe hela kwanza.

DOI ni namba ya kudumu ya kazi, si anwani ya mahali ilipo. Fikiria namba yako ya simu: unaweza kuhama mtandao na namba ikabaki ile ile, watu wakiendelea kukupata. Linki ya kawaida ni sawa na kumwelekeza mtu "shuka stendi ya Nyegezi, ulizia duka la kona". Stendi ilipobomolewa ijengwe upya na mabasi yakahamishiwa kwingine, maelekezo yako yalikufa siku hiyo hiyo. Kilichokufa kwako ni maelekezo.

DOI zote zinaanza na 10, nukta, halafu tarakimu za aliyeisajili, mkwaju, kisha herufi na namba alizochagua mwenyewe. Ukiandika doi.org, mkwaju, halafu hiyo namba, inakupeleka kazi ilipo leo. Kazi ikihama, mwenye nayo anabadilisha anwani kule kwenye usajili, namba haiguswi.

Fanya hivi: chukua ule mfano aliokuonyesha kijana, uingize doi.org. Usipofunguka, umeokoa laki na nusu.

#4 Profesa Uchwara

Vijana mnapotoshana. DOI ni alama kwamba kazi imepitiwa na wataalamu na iko Scopus, ile orodha kubwa ya majarida. Tasnifu ya mastaz haiwezi kupewa DOI. Mleta mada atoe makala kwenye jarida kwanza, ndiyo njia.

#5 Mama Maktaba

#4 shikamoo, lakini hapana.

Nimekaa maktaba za vyuo miaka mingi. DOI haina uhusiano wowote na Scopus wala na kupitiwa na wataalamu. Kuna majarida ya kitapeli yana DOI safi kabisa zinazofunguka, na kuna majarida mazuri ya hapa nyumbani hayana hata moja. Ni namba ya usajili. Bodaboda ina namba, lori lina namba, na namba haikwambii breki zinashika. Tasnifu inapewa, ripoti inapewa, data inapewa, hata mabango ya kwenye kongamano yanapewa.

Mfumo ulianza kutumika mwaka 2000, na mwaka 2012 ukawa kiwango cha kimataifa, ISO 26324. Anayeusimamia ni wakfu wa kimataifa, ila yeye hakupi namba moja kwa moja. Zinatolewa na mawakala wake. Kwa majarida na vitabu wakala mkubwa ni Crossref, kwa data na kazi za ripozitori ni DataCite. Mtu mmoja mmoja hajiungi huko, wanajiunga mashirika: chuo, jarida, kituo cha utafiti. Kwa hiyo swali la "naipata wapi" kwa kawaida jibu lake lingekuwa "chuoni kwako". Najua ulikotoka huko.

Njia yako ni Zenodo, hifadhi ya mtandaoni ambako mtu anapakia kazi yake mwenyewe na kupewa DOI. Bure.

#6 Nshomile wa Pasiansi

Nathibitisha. Zenodo ya Google iko vizuri sana, nimeweka kazi tatu.

#7 Fundi Seva

Si ya Google mkuu. Ni ya CERN, wale wa Geneva wanaogonganisha chembe chini ya ardhi, na ilianza 2013. Huko huko ndiko Tim Berners-Lee alikobuni wavuti mwaka 1989. DOI zao zinaanza na 10.5281.

#8 Nshomile wa Pasiansi

Sawa, si ya Google. Kazi tatu ziko pale pale.

#9 Bint Nansio

Mleta mada, mimi ndiye mfano hai. Na kwa vile dagaa wako ni wa kwetu nitakueleza bila kificho.

Mwaka jana nililipa. Si kijana wako labda, lakini mtindo ni huo huo, steshenari, "mtu wangu", siku tatu. Namba ilikuja na ilifungua, nikashukuru Mungu. Miezi miwili baadaye nataka kurekebisha jina langu, limeandikwa kwa herufi moja pungufu. Naenda kurekebisha, naambiwa si akaunti yangu. Kumbe yule bwana alichukua PDF yangu, akaipakia Zenodo kwa akaunti yake yeye, dakika kumi, akanikabidhi namba. Kitu cha bure! Jina langu limekaa kama mwandishi, ila mwenye funguo ni yeye. Nimempigia, simu ikaita mara ya kwanza, mara ya pili haipatikani.

Halafu chini kwenye haki za matumizi ameruhusu mtu yeyote aitumie kazi yangu hata kibiashara. Mimi sikuulizwa.

#10 Dagaa Kauzu

Duh. Umelipa mtu akuibie kistaarabu.

#11 Mama Maktaba

Pole sana #9. Hilo si la kuliacha. Waandikie Zenodo wenyewe, eleza kwamba wewe ndiye mwandishi, ambatanisha barua ya chuo na ukurasa wa mbele wenye sahihi. Usikie watakavyojibu. Ila usipakie nakala ya pili huku ya kwanza bado ipo, utakuwa na DOI mbili za kitu kimoja na wanaokunukuu watagawanyika.

#12 Ng'wana Sengerema

Wabeja sana. #3 nimejaribu ule mfano wa kijana. doi.org inasema namba haipo. Nimerudi kumwambia, ananijibu "inachukua muda kuingia kwenye mfumo". Kweli inachukua muda?

Na kitu kingine. Linki yangu ya zamani ilikuwa na neno handle halafu 123456789 halafu namba nyingine. Hiyo si DOI?

#13 Fundi Seva

Kuchelewa kupo, kwa kawaida dakika, pengine saa. Wiki hapana. Huyo anakuchelewesha wewe.

Hiyo 123456789 sasa, mkuu, umenigusa pabaya.

Vyuo vingi vinatumia programu ya DSpace kwa ripozitori. DSpace inatumia namba za Handle, ambao ndio mfumo ulio chini ya DOI yenyewe. Handle ni ya kudumu kabisa kama chuo kimesajili namba yake, na gharama ni kama dola 50 kwa mwaka. Usiposajili, programu inakuja na namba ya majaribio: 123456789. Ni kama fremu mpya inayouzwa ikiwa na picha ya familia ya Kizungu ndani. Unatakiwa utoe ile picha uweke ya kwako. Fundi anayefunga seva anasahau, kazi zinaanza kupakiwa, mwaka unapita, tasnifu elfu zina picha ya Wazungu. Kila linki inaonekana ya kudumu na hakuna hata moja iliyosajiliwa popote duniani. Tovuti ikihamishwa vibaya, kwaheri.

Nimeshafunga mojawapo hivyo. Nilikuwa kijana, niliambiwa iwe tayari Ijumaa kwa ajili ya mgeni rasmi. Ikawa tayari Ijumaa.

#14 Kapteni Mstaafu

Nimeenda kuangalia ya kwangu. 123456789. Yesu na Maria.

#15 Mtumishi wa Nyakato

Na yangu.

#16 Dagaa Kauzu

Fundi Seva toa ramani, tukutane wapi?

#17 Ng'wana Igoma

Swali la msingi mmeliruka. Kwa nini vyuo vyetu havitoi DOI? Jibu ni fedha. Crossref ada ya mwaka ni dola 275 kwa taasisi ndogo, na kila makala mpya dola 1. Inalipwa kwa kadi, kwa dola. Ukitaka ofisi ilipe dola kwa kadi mtandaoni, andaa dokezo, lipite kwa mhasibu, mhasibu aulize kontroo namba iko wapi. Wamarekani hawana kontroo namba. Dokezo linarudi. Nimeyaona hayo kwa macho yangu.

#18 Mama Maktaba

#17 kwenye ada umepitwa. Tangu Januari 2023 Crossref wana mpango wa nchi zenye kipato kidogo, na Tanzania imo kwenye orodha. Taasisi ya hapa haitozwi ada ya mwaka wala ya kusajili makala. Kilichobaki ni kuomba na kutimiza masharti: uweke taarifa kamili za kila kazi, na usasishe anwani kazi zikihama.

#19 Ng'wana Igoma

Kama ni bure tangu 2023, mbona hawajajiunga? Basi tatizo ni kubwa kuliko fedha.

#20 Fundi Seva

Tatizo ni nani mwenye kazi. Maktaba wanasema seva ni ya Tehama. Tehama wanasema maandiko ni ya maktaba. Kurugenzi ya utafiti inasema "tuleteeni ripoti". Anayetakiwa kuomba ni mmoja, na hakuna barua ya kumteua.

#21 Mama Maktaba

Maktaba tunaomba kila bajeti, #20. Tunanyimwa nenosiri la seva. Tuanzie hapo.

#22 Fundi Seva

Nenosiri lilitolewa, likabandikwa kwenye kioo cha kompyuta ya mapokezi.

#23 Mama Maktaba

Mara moja.

#24 Nshomile wa Pasiansi

Nyie hamtaki kusema ukweli. Ukiweka tasnifu hadharani na namba ya kudumu, mtu wa kwanza kuisoma ni programu ya kukamata walionakili. Kuna wakubwa hawataki kazi za zamani zionekane. Kabati ni salama zaidi.

#25 Mtumishi wa Nyakato

Hiyo ni dhana yako #24. Kwetu mkuu wa idara anataka sana, ila anaamini DOI ni ya majarida tu. Aliambiwa na mtu kama #4.

#26 Profesa Uchwara

Nimenyamaza si kwamba nimeshindwa. Kwenye kupanda cheo mezani pale hakuna anayehesabu tasnifu ya Zenodo. Wanahesabu makala. Mnampa kijana matumaini.

#27 Kapteni Mstaafu

Niingie kwa mlango mwingine. Mimi nilifanya kazi kwenye boti za utafiti Ghuba ya Mwanza miaka ya themanini. Kulikuwa na Waholanzi wa Chuo Kikuu cha Leiden, walianza kuwachunguza furu tangu mwishoni mwa miaka ya sabini, sangara alipokuwa hajawamaliza. Tunavuta nyavu, tunamwaga sitahani, wanachambua samaki mmoja mmoja kwa kibano mpaka jua linazama upande wa Sengerema. Furu wadogo, wengine kidole changu hiki cha mwisho ni kirefu kuliko wao.

Ile kazi iko. F. Witte na wenzake walichapisha mwaka 1992 kwenye jarida la Environmental Biology of Fishes, jinsi furu walivyopotea. Mwaka huo DOI haijazaliwa, lakini mchapishaji alirudi nyuma akaipa, inaanza na 10.1007. Mjukuu wangu ameifungua juzi kwa simu tukiwa Capri Point tunakula mahindi. Ikafunguka pale pale.

Sasa sisi wa hapa tulikuwa tunaandika ripoti zetu za ghuba ile ile, mashine ya taipu, nakala tatu za kaboni. Moja ilikwenda Dar, moja kabatini, moja sijui. Kabati lilihamishwa ofisi mara mbili ninazozijua. Samaki ni wale wale, maji ni yale yale, boti ni ile ile.

#28 Bint Nansio

Kapteni, hiyo post isomwe na watu wa vyuo.

#29 Ng'wana Igoma

Kapteni nakala ya kaboni unayo hata moja? Iskaniwe.

#30 Kapteni Mstaafu

Ninayo moja, haina kurasa za mwisho. Panya wa Kirumba hawajali sayansi.

#31 Mtumishi wa Nyakato

Iskani hivyo hivyo, Kapteni, andika kwamba kurasa zimepungua. Mjukuu akufungulie ORCID, namba ya kumtambulisha mtafiti mwenyewe, ni bure, utakuwa na namba yako ya tarakimu 16.

#32 Dagaa Kauzu

Namba ya NIDA, ya TIN, ya simu, ya kaya, sasa na ya utafiti. Nikifa mtanizika kwa namba gani?

#33 Ng'wana Sengerema

Wakuu nimesoma yote. Nimefungua akaunti Zenodo jana usiku, intaneti ilikuwa nzuri baada ya saa sita. Nimekwama sehemu mbili. Msimamizi wangu anasema nikiweka tasnifu hadharani majarida yatakataa makala nitakazotoa humo. Na data zangu za wavuvi, nina majina yao na namba za simu, naweka?

#34 Mama Maktaba

Majina na simu za wavuvi USIWEKE. Hata kama walikubali kuhojiwa, hawakukubali kuwekwa Geneva milele. Toa safu hizo zote, mpe kila mvuvi herufi. Na angalia jina la mwalo: kama mwalo una wavuvi wanne tu, umewataja bila kuwataja.

Kuhusu msimamizi, majarida mengi hayana shida na tasnifu iliyo wazi, ila mengine yana masharti. Fungua tovuti ya jarida unalolitaka usome kabla. Ukiogopa, Zenodo inaruhusu kufungia faili mpaka tarehe utakayopanga, huku namba na muhtasari vikionekana. Fomu yako inataka namba, haitaki faili.

Soma pia fomu uliyosaini wakati wa kukabidhi tasnifu, uone chuo kilijiwekea haki gani.

#35 Profesa Uchwara

Hapo #34 nakubaliana naye. Andikeni tarehe.

#36 Fundi Seva

La kuongeza: kuna sehemu ya kujitengea DOI kabla ya kuchapisha. Ibonyeze, namba inatoka hapo hapo. Iandike kwenye ukurasa wa pili wa tasnifu, chini ya jina lako, utengeneze PDF upya, ndipo upakie. Wengi wanapakia kwanza, halafu faili lenyewe linabaki halina namba yake.

Na faili ukishachapisha, kwa kawaida huwezi kulibadilisha kimya kimya. Ukibadilisha linakuwa toleo jipya lenye DOI yake. Kuna DOI moja ya juu inayobeba matoleo yote. Kwenye fomu weka ya toleo lile unalolitaja.

#37 Mtumishi wa Nyakato

Na majarida ya hapa? Jarida letu halina chochote.

#38 Mama Maktaba

Yapo yaliyo AJOL, wale wa Afrika Kusini wanaokusanya majarida ya Kiafrika, DOI zao zinaanza na 10.4314. Hiyo ni njia moja. Nyingine ni jarida lenyewe kujiunga Crossref kwa ule mpango. Kuna na ARK, namba za kudumu ambazo hazitozwi kitu, ila kwenye fomu kama ya #1 watakuuliza ni mnyama gani.

#39 Nshomile wa Pasiansi

Kwa hiyo tumekubaliana ni hofu, si fedha?

#40 Ng'wana Igoma

Nani amekubaliana? Mimi bado nipo kwenye dokezo. Hata cha bure kinataka dokezo.

#41 Fundi Seva

Na mimi bado nipo kwenye barua ya uteuzi.

#42 Ng'wana Sengerema

Nimepata!!! Saa tisa usiku. Nimeitenga namba, nimeiandika ukurasa wa pili, nimepakia, data nimeziweka peke yake bila majina. Faili la tasnifu nimelifunga mpaka mwakani ili msimamizi alale. doi.org inafungua. Nimemtumia na kijana wa steshenari, amenijibu "hongera bro, ukipata wateja wengine tugawane".

Nimeweka linki hapo chini, iangalieni kabla sijaiweka kwenye fomu.

#43 Dagaa Kauzu

Hongera! Huyo kijana atakuwa waziri.

#44 Bint Nansio

Hongera sana kaka. Inafunguka, muhtasari nimeusoma wote. Ila kwenye kichwa cha habari umeandika "Ukelewe".

#45 Dagaa Kauzu

😂😂😂 Msukuma kaingia Geneva na L yake.

#46 Ng'wana Sengerema

Mungu wangu. Naweza kubadilisha au ndiyo toleo jipya tena?

#47 Mama Maktaba

Kichwa cha habari na maelezo unabadilisha wakati wowote, DOI inabaki. Ni faili tu ndilo huligusi. Faili lenyewe umeandikaje?

#48 Ng'wana Sengerema

Faili liko sawa. Huku juu nimeshalekebisha.